Nani amelipia mpira wa Lubumbashi? Historia ya feza za Mazembe na Lupopo tangu 1939

LUBUMBASHI – Uwanja wa TP Mazembe, kule Kamalondo, unaingiza watu wapatao 18,500. Tuseme umejaa mpaka mlangoni, na kila mtu amelipa dola moja, mkubwa kwa mdogo, bila hata askari mmoja kuingia bure. Jioni hiyo sanduku lingekuwa na dola 18,500. Mtu wa Katuba au wa Kenya angesema ni feza nyingi, na kwa maisha yake kweli ni nyingi. Lakini kwa timu inayopanda ndege kwenda kucheza Tunis au Cairo, ikiwa na wachezaji, makocha, madaktari na mizigo, feza hiyo inaweza kuisha kabla ndege haijarudi.

Washabiki wa mji huu wanabishana kila siku juu ya bei ya kuingia: imepanda, imeshuka, jukwaa la heshima limekuwa la matajiri tu. Ubishi huo ni wa haki. Hata hivyo, ukirudi nyuma mpaka mwaka 1939 utaona jambo ambalo watu hawalitaji sana. Timu kubwa za Lubumbashi hazijawahi kuishi kwa tiketi. Tangu mwanzo kulikuwa na mtu mwingine aliyelipa, na kila alipoondoka, timu ilitikisika.

Mwaka huo wa 1939, mji ukiitwa bado Élisabethville, timu mbili zilizaliwa. Ya kwanza ilianzishwa na mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, waliotaka vijana wao wawe na shughuli nzuri baada ya masomo. Waliipa jina la Saint-Georges, msimamizi wa maskauti. Ya pili, Saint-Éloi, ilitoka upande wa reli, na ndiyo maana mpaka leo watu wa Lupopo wanaitwa “cheminots”, watu wa reli. Moja ilikuwa na misheni nyuma yake, nyingine kampuni ya treni. Mkoloni hakutazama mpira kama biashara. Kampuni za reli na za shaba ziliutaka kwa sababu mfanyakazi anayekwenda uwanjani Jumapili hakai kilabuni akinywa pombe na kupanga mgomo. Tiketi, hata pale ilipouzwa, haikuwa msingi wa hesabu.

Baadaye ile timu ya mapadri ikapata mlipaji mpya, na mlipaji akapewa kitu kikubwa kuliko tangazo kwenye jezi: jina lenyewe. Englebert ilikuwa alama ya matairi ya Wabelgiji, na timu ikawa FC Englebert. Leo tunashangaa timu za Ulaya kuuza majina ya viwanja vyao, lakini huku Katanga timu nzima ilibeba jina la mipira ya magari kwa miaka mingi, na watu waliliimba kwa furaha. Mwaka 1966 timu ilichukua vikombe vitatu kwa msimu mmoja, ubingwa wa nchi, kombe la Kongo na kombe la Katanga, ndipo ikajiita Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Mwaka 1967 ikawa bingwa wa Afrika baada ya kutoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ambayo haikufika kwenye mechi ya tatu. Mwaka 1968 ikarudia, safari hii dhidi ya Étoile Filante ya Lomé.

Ubingwa huo mara mbili ulileta heshima, lakini kombe la Afrika la wakati ule halikuwa na zawadi za feza kama za leo. Na mlango mwingine, wa kuuza wachezaji, ulifungwa kwa amri. Mobutu alikuwa amewarudisha nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, kisha akawazuia nyota wa taifa wasiende Ulaya. Kwa ajili ya Léopards ilikuwa faida: kombe la Afrika mwaka 1974 na Kombe la Dunia mwaka huohuo. Kwa sanduku la timu ilikuwa hasara tupu. Bwanga Tshimen, beki wa Mazembe, alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973. Mchezaji wa namna hiyo leo angelipa mishahara ya kikosi kizima kwa miaka. Wakati huo alikuwa mali ya taifa, na taifa lilimlipa lilivyotaka.

Jina la Englebert lilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikibadilisha majina yote. Timu ikawa Mazembe. Kutoka hapo ililelewa na wafanyabiashara na wakubwa wa mji, na nyuma yao wote ilikuwepo shaba. Gécamines ilipokuwa inafanya kazi, Katanga nzima ilikula: duka, shule, hospitali, na mpira pia. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Tazama basi orodha ya mabingwa wa nchi: Mazembe ilichukua ubingwa mwaka 1987, halafu haikuuona tena mpaka mwaka 2000.

Miaka hiyo hata neno “bei ya tiketi” lilipoteza maana. Serkali ilitoa noti ya zaire milioni tano, na watu wa Kasai wakaikataa. Mwezi wa Oktoba 1993 ikaja nouveau zaïre, moja kwa milioni tatu za zamani, nayo ikaoza upesi vilevile. Timu iliyouza tiketi Jumapili na kungoja mpaka Ijumaa kununua viatu ilikuta feza imeyeyuka mfukoni. Mwaka 1998 tukapata franka ya Kongo, na ugonjwa ukaendelea kwa mwendo wa polepole. Ilianza kwa franka zisizofika mbili kwa dola moja. Kufika mwaka 2015 dola ilikuwa franka 900 na kitu, na mwaka 2024 ilikaribia 2,800. Ndiyo kusema, noti ya franka 1,000 ambayo mshabiki alitoa mlangoni mwaka 2015 ilizidi dola moja, na noti hiyohiyo mwaka 2024 ilikuwa karibu senti 36. Mshabiki anasema bei ni ileile, na mweka hazina anasema bei imeanguka. Wote wawili wanasema kweli, maana mmoja anahesabu kwa franka na mwingine analipa hoteli, ndege na wachezaji wa kigeni kwa dola.

Mwaka 1997 mambo mawili yalikutana. CAF iligeuza kombe la mabingwa kuwa Ligi ya Mabingwa, yenye feza kwa washindi. Na Moïse Katumbi akachukua urais wa Mazembe. Katumbi alikuwa mfanyabiashara, mwenye kampuni ya kazi za migodi iliyoitwa MCK, na jina la MCK likaingia kwenye jezi, kama zamani jina la Englebert. Shaba ilipopanda bei miaka ya 2000, timu ikapanda nayo. Mwaka 2007 mwenyewe akawa gavana wa Katanga.

Yaliyofuata yanajulikana mpaka kwa watoto. Ligi ya Mabingwa mwaka 2009. Mwaka 2010 tena, na Espérance ya Tunis ilifungwa mabao matano bila jibu hapahapa Lubumbashi. Desemba ya mwaka huo, kule Abu Dhabi, Mazembe iliitoa Internacional ya Brazil kwa 2-0 na kuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya dunia ya klabu. Inter Milan ilishinda 3-0, lakini kipa Kidiaba na kuruka kwake kwa makalio vilibaki katika kumbukumbu ya dunia.

Sasa turudi kwenye sanduku letu la dola 18,500. Bingwa wa Afrika wakati huo alilipwa na CAF dola milioni 1.5, sawa na mechi 81 za uwanja uliojaa kwa dola moja. Timu ya pili katika kombe la dunia la klabu ililipwa dola milioni 4, yaani mechi 216. Mechi tatu za Abu Dhabi zililingana na miaka kumi ya foleni za Kamalondo.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 2011. Mpaka hapo Mazembe na Lupopo zilicheza katika uwanja wa komini ya Kenya, ule unaoitwa Frédéric Kibassa Maliba. Kuwa na uwanja wako ni jambo kubwa: tiketi ni zako, matangazo ni yako, vinywaji ni vyako. Lakini gharama iliyotajwa mara nyingi ni dola milioni 35. Kwa hesabu yetu hiyo ni karibu mechi 1,900. Timu ikicheza nyumbani mara 20 kwa mwaka, bila kula wala kunywa, ingemaliza deni hilo baada ya miaka 90 na zaidi. Hakuna benki ambayo ingekubali. Alikubali mtu mmoja.

Njia pekee iliyoonyesha kwamba timu inaweza kujitafutia ni ya wachezaji. Mwaka 2011 Mazembe ilimchukua kijana Mbwana Samatta kutoka Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2015 mabao yake yalisaidia kuleta Ligi ya Mabingwa ya tano, na Januari 2016 akauzwa Genk, Ubelgiji. Hadithi haiishii hapo. Sheria za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawiwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, na kila mwaka kuanzia ule wa 16 ni nusu asilimia. Samatta alikuwa Lubumbashi tangu miaka 18 mpaka 23. Alipokwenda Aston Villa mwaka 2020, sheria hiyo ilirudisha sehemu Kamalondo. Mtoto aliyelelewa vizuri analipa mara mbili, na ndiyo hekima ya akademi ya vijana iliyoanzishwa mwaka 2012.

Septemba 2015 Katumbi aliacha ugavana na chama cha wakubwa. Mwaka huohuo MCK iliuzwa kwa Wafaransa wa Necotrans, na mwaka 2016 mwenyewe akaondoka nchini, asirudi mpaka Mei 2019. Timu haikufa, na sifa hiyo ipewe waliobaki: ilichukua kombe la Shirikisho mwaka 2016 na tena 2017. Kutoka hapo wanaume wa Mazembe walikaa miaka bila kombe la Afrika. Wengine watasema ni bahati tu. Lakini timu ambayo rais wake yuko ugenini, naye ni mshindani wa serkali, haipangi bajeti kwa utulivu.

Isidhaniwe ni Mazembe peke yake. Lupopo, watoto wa reli, ilimpata gavana Jacques Kyabula kuwa rais wake. Kule Kinshasa, Vita Club iliongozwa miaka mingi na jenerali Gabriel Amisi. Sanga Balende ya Mbuji-Mayi ilitegemea almasi za MIBA, na MIBA ilipodhoofika kila mtu aliona. Jina hubadilika, padri, kampuni, gavana, jenerali, lakini anayesaini ni mmoja. Mshabiki mwenye tiketi haulizwi lolote, wala haonyeshwi hesabu.

Majirani wetu wa Tanzania walikuwa na shida hiyohiyo, nao wana matajiri wao. Tofauti ni televisheni. Mwaka 2021 Azam ilisaini mkataba wa miaka kumi na ligi yao kwa shilingi bilioni 225.6. Feza ya namna hiyo inafika hata kwa timu ndogo ambayo uwanja wake ni mtupu. Matokeo tunayaona kwenye mabasi na ndege zinazokwenda mashariki: Fiston Mayele na Djuma Shabani walitoka Vita kwenda Yanga, Henock Inonga akatoka Motema Pembe kwenda Simba, Maxi Nzengeli akatoka Maniema Union kwenda Yanga. Zamani Mazembe ilikwenda Dar kununua.

Oktoba 2023 ilikwenda Dar kwa sababu nyingine. Katika African Football League, mashindano mapya ambayo bingwa wake aliahidiwa dola milioni 4, Mazembe ilipokea Espérance kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa na kushinda 1-0. Kwenye karatasi ilikuwa mechi ya nyumbani. Wakaaji wa Kamalondo waliitazama kwenye televisheni, na muuza karanga wa mlangoni hakuuza kitu siku hiyo. Kule Tunis Espérance ilishinda 3-0, na safari ikaishia hapo.

Novemba 2024 feza ilikuja kutoka upande ambao wachache waliutazamia. Wanawake wa Mazembe, timu iliyoundwa mwaka 2020 tu, walishinda Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Moroko 1-0. Zawadi yao ilikuwa dola 600,000. Kwa dola moja kwa mtu, hizo ni mechi 32 za Kamalondo ikiwa imejaa.