Kazi na Ajira katika Mafuta ya Bahari ya Kaskazini

Mafuta yalipogunduliwa katika Bahari ya Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1960, Uingereza ilikuwa na watu wachache mno wenye ujuzi wa kuyachimba baharini. Gesi ilikwisha kupatikana mwaka 1965, na tarehe 27 Desemba mwaka huohuo mtambo wa Sea Gem uliporomoka na kuua watu 13. BP iligundua eneo kubwa la mafuta la Forties mwaka 1970. Bei ya mafuta duniani ilipopanda karibu mara nne mwaka 1973 na 1974, serikali ilitaka mafuta hayo yafike nchi kavu upesi. Kampuni za uchimbaji zilileta wasimamizi kutoka Texas na Louisiana, nao walikuja na desturi za huko: amri haijadiliwi, na chama cha wafanyakazi hakitakiwi.

Kampuni zenye leseni ziliajiri watu wachache tu kwenye majukwaa yao. Wengi wa waliobaki, wakiwemo wachomeleaji, wapaka rangi, wapiga mbizi na wapishi, waliajiriwa na wakandarasi. Mkandarasi alilipa mshahara, lakini mwenye jukwaa ndiye aliyeamua nani apande helikopta kwenda kazini. Msimamizi akimwona fundi kuwa mlalamishi, alimwarifu mkandarasi kwamba fulani asirudishwe. Hapakuwa na kikao cha nidhamu wala nafasi ya kujitetea. Mkandarasi aliyebisha aliweka mkataba wake hatarini, na habari za fundi huyo zilimfuata hadi kwa waajiri wengine. Hofu hiyo ndiyo iliyofanya kasoro nyingi za usalama zibaki bila kutajwa.

Norwei ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mazingira ya kazi ya mwaka 1977 iliwapa wafanyakazi wawakilishi wa usalama waliowachagua wenyewe, ingawa haikuizuia ajali ya jukwaa la Alexander L. Kielland ya Machi 1980, iliyoua watu 123 kati ya 212.

Mwaka 1986 bei iliporomoka kutoka karibu dola 30 kwa pipa hadi karibu 10. Kampuni kubwa zilidai huduma kwa bei ya chini, na wakandarasi walifidia pengo hilo kwa kupunguza watu na mishahara.

Jioni ya tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha, pampu moja ilikuwa imeondolewa valvu ya usalama ili ikarabatiwe na mkandarasi. Kazi haikuisha kabla ya zamu kubadilishwa; mwanya ukazibwa kwa kifuniko cha chuma, na taarifa haikuwafikia watu wa usiku. Pampu ya pili ilipokwama karibu saa 4 usiku, waliiwasha ile ya kwanza. Gesi ilivuja, ikalipuka, na watu 167 wakafa, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa wakandarasi.

Mwaka uliofuata, wafanyakazi waliochoshwa na mgawanyiko wa vyama vyao waliunda kamati yao, OILC. Katika migomo ya mwaka 1989 na 1990 walikalia majukwaa na kukataa kushuka. Mamia walipoteza kazi. Hata hivyo, ripoti ya jaji Lord Cullen kuhusu maafa ya Piper Alpha, ya Novemba 1990 na yenye mapendekezo 106, ilisababisha usimamizi wa usalama uondolewe kutoka wizara iliyohimiza uzalishaji, na sheria ya mwaka 1992 ikakataza kumwadhibu mwakilishi wa usalama kwa kutimiza wajibu wake. Bila ujasiri wa wagomaji hao, shinikizo la kuleta mabadiliko lingekuwa dogo zaidi.

Mivutano ya malipo na muda wa kazi iliendelea. Wafanyakazi waliokaa wiki mbili baharini na wiki mbili nyumbani, kwa zamu za saa 12, walidai likizo nje ya wiki hizo za nyumbani. Desemba 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba waajiri wanaweza kuihesabu likizo ndani ya wiki hizo za nyumbani. Bei iliposhuka tena kuanzia mwaka 2014, waajiri wengi walihamia mzunguko wa wiki tatu kwa tatu na kupunguza malipo. Julai 2016, wafanyakazi wa mkandarasi mmoja waliohudumia majukwaa ya Shell waligoma kwa saa 24.