Rumba na cha-cha: hatua za kwanza kwa mwenye kuanza

Kwenye feti za ndoa hapa Kindu, saa ya kufungua dansi ikifika, maarusi wanasimama katikati ya sale na watu wote wanawaangalia. Hapo ndipo inaonekana nani anajua kucheza wawili wawili. Vijana wengi wanaweza ndombolo, kila mtu peke yake. Kushikana ndio kazi.

Na hii dansi si ya wageni. Tarehe 14 Desemba 2021 Unesco iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi usioshikika wa wanadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja. Wengi wanasema jina lake linatoka kwa « nkumba », maana yake kitovu kwa Kikongo. Watu waliouzwa utumwa walivuka bahari na ngoma zao mpaka Kuba, na tangu miaka ya 1930 muziki wa kule ukaanza kuturudilia kwenye sahani za santuri. Cha-cha ilikuja nyuma: ilitungwa Kuba na Enrique Jorrín mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960, Grand Kallé na African Jazz wakaimba uhuru wetu kwa mdundo huo, kule Brussels.

Sasa tushikane. Mkono wa kushoto wa mwanaume unabeba wa kuume wa mwanamke, bila kukaza. Mkono wake mwingine unakaa mgongoni, chini kidogo ya bega, si kiunoni. Wa kushoto wa mwanamke uko juu ya bega la mwanaume. Mwanaume anaanza na mguu wa kushoto, mwanamke na wa kuume.

Rumba: hatua moja kando, mguu wa pili unafuata, halafu mnarudi upande ule mwingine. Basi. Siri iko kwenye uzito: uache mwili wote ushuke juu ya mguu mmoja kabla ya kutoa mwingine, goti likunjwe kidogo. Kiuno kitatikisika chenyewe. Mwenye kukitikisa kwa nguvu anachoka mbio, tena anachekesha watu. Na msinyanyue miguu kama wanajeshi kwenye defile.

Cha-cha: mwanaume anatia kushoto mbele, anarudisha uzito kwa kuume, kisha hatua tatu ndogo za haraka kwenda kushoto: cha-cha-cha. Halafu kuume nyuma, uzito kwa kushoto, na tatu zingine kwenda kuume. Mwanamke anafanya kinyume: mwenzake akiendea mbele, yeye anarudi nyuma.

Mjifunze na wimbo wa polepole wa Franco ama wa Tabu Ley, kwenye sehemu ya mwanzo, mbele sebene haijalipuka, juu kwenye sebene hata wazee wanaachana, kila mmoja na lake. Viatu viwe vya soli laini, sandali zinakwama. Umeme ukikatika, hesabuni kwa mdomo: moja, mbili, cha-cha-cha.