Mmarekani akija kwa pikipiki, wenyeji humpokeaje?

Na Mwandishi Wetu

MGENI anayefika kwa ndege hupokelewa na watu waliolipwa kumpokea: dereva aliyeshika kibao chenye jina lake, mhudumu wa hoteli, mwongoza watalii. Anayefika kwa pikipiki hupokelewa na yeyote aliyeketi kando ya barabara siku hiyo.

Pengine ndiyo sababu Wamarekani waliozunguka dunia kwa chombo hicho wameandika mengi kuhusu watu waliowakuta, na machache kuhusu barabara zenyewe.

Historia yao ina zaidi ya miaka 110. Carl Stearns Clancy aliondoka Dublin, Ireland, Oktoba 1912 akiendesha pikipiki aina ya Henderson. Mwenzake, Walter Storey, aliishia Paris. Clancy akaendelea peke yake kupitia Hispania, Algeria, Tunisia, Ceylon ambayo leo ni Sri Lanka, China na Japani, akafika New York Agosti 1913 baada ya mwendo wa takriban kilomita 29,000.

Anayesomwa zaidi, hata hivyo, ni Robert Edison Fulton. Kijana huyo, aliyezaliwa mwaka 1909 na kusoma Chuo Kikuu cha Harvard, alijigamba mezani wakati wa chakula cha jioni mjini London kwamba angezunguka dunia kwa pikipiki. Mezani hapo alikuwapo mtu wa kampuni ya pikipiki ya Douglas, akajitolea kumpa moja. Maneno yakawa deni.

Fulton aliondoka London Julai 1932 na kuingia Tokyo Desemba 1933, akiwa amepita Uturuki, Syria, Iraq, India, Java, Indochina na China. Kitabu chake, One Man Caravan, kilitoka mwaka 1937. Humo anaonekana akilala majangwani, katika nyumba za watu asiowajua, na mara nyingine katika vituo vya polisi, kama mgeni na si kama mahabusu. (Ni Fulton huyuhuyu aliyekuja kubuni gari lenye uwezo wa kuruka angani, lililoidhinishwa na mamlaka za Marekani mwaka 1950.)

Kwa nini milango ilimfungukia? Mpanda pikipiki hana kioo cha kujifichia. Hufika akiwa na vumbi usoni, ana kiu, hajui njia na anahitaji mtu wa kumwangalizia mizigo yake anaponunua maji. Mtu mwenye shida iliyo wazi namna hiyo ni vigumu kumwogopa. Wenyeji humwona mtu na chombo chake kwanza. Suala la uraia huja baadaye, chai ikiwa tayari imemiminwa.

Lakini pasipoti nayo ina uzito wake. Novemba 2001, Mmarekani Glen Heggstad alitekwa na wapiganaji wa kundi la ELN nchini Colombia akiwa njiani kutoka Bogotá kwenda Medellín. Alishikiliwa kwa takriban wiki tano. Alipoachiwa hakurudi nyumbani; aliendelea na safari hadi ncha ya kusini ya Amerika Kusini, na miaka iliyofuata akazunguka sehemu nyingine za dunia, Afrika ikiwamo. Angeweza kuwahukumu watu wa bara zima kwa wiki hizo tano. Hakufanya hivyo.

Miaka hiyo ya vita vya Afghanistan na Iraq, wapo wasafiri wa Kimarekani waliobandika bendera ya Kanada kwenye mizigo yao ili wasiulizwe maswali. Kwetu Afrika Mashariki hila hiyo haikuwa na kazi kubwa. Wazee wa Tanzania wanawakumbuka walimu wa Peace Corps, shirika ambalo watu wake walianza kufika Tanganyika mwaka 1961. Mabomu yaliyolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam Agosti 7, 1998, yaliua watu 224, wengi wao Wakenya, na hasira iliwaelekea walioyatega. Na baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008, Mmarekani aliyepita magharibi mwa Kenya hakuhitaji salamu nyingine zaidi ya jina la Obama.

Kwa anayetoka kaskazini, lango la kuingilia huku ni Moyale, mpakani mwa Ethiopia na Kenya. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, barabara ya kutoka hapo kupitia Marsabit hadi Isiolo, umbali wa kilomita 500 hivi, ilikuwa ya mawe na vijituta vilivyojipanga kama bati. Pikipiki zilivunjika vyuma, na mara nyingi mwokozi alikuwa dereva wa lori, aliyepakia pikipiki na mwenyewe juu ya mzigo.

Siku hizi jambo moja limebadilika mno. Zamani waliomkimbilia mgeni wa pikipiki walikuwa watoto, kwa kushangaa. Leo wanaomzunguka ni wataalamu. Bodaboda, neno lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, imeenea kila kona, na kijana wa kijiweni ambaye pikipiki yake ina CC 125 anajua hasa cha kuuliza mbele ya pikipiki ya CC 1,300 yenye uzito unaozidi kilo 200: inakunywa mafuta kiasi gani, spea zinapatikana wapi, imegharimu shilingi ngapi?

Swali la bei humtia mgeni aibu, kwa kuwa jibu la kweli kwa pikipiki mpya ya namna hiyo ni zaidi ya dola 18,000. Wengi hutaja pungufu. Hawajui kwamba muulizaji ameshakadiria.

Lakini chuma kikikatika, ujuzi wa kijiwe ndio unaomwokoa mgeni. Spea za pikipiki hizo kubwa hazipo katika maduka ya wilayani, kwa hiyo fundi huchomelea, hufunga waya, hukaza kwa ukanda wa tyubu kuukuu, na safari huendelea.

Kutoelewana kupo pia. Wasafiri wengi wa aina hii wana umri mkubwa, na kijana akimwamkia mmoja wao "Shikamoo mzee", mgeni hucheka bila kujua kwamba anadaiwa "marahaba". Mwanamke aliye peke yake huulizwa mume yuko wapi. Mmarekani mweusi, aliyekuja akitarajia kuitwa ndugu, huweza kuitwa mzungu na watoto. Lipo pia kosa la wageni wenyewe la kupiga picha bila kuomba, na la kugawa peremende barabarani, ambako humfundisha mtoto kukimbilia vyombo vinavyokwenda kasi.

Askari wa usalama barabarani naye hachagui. Mwendo katika makazi ni kilomita 50 kwa saa, na "tochi" haisomi pasipoti. Faini kwa kosa la pikipiki ilikuwa shilingi 30,000 hadi mwaka 2021, ilipopunguzwa kuwa shilingi 10,000. Kwa upande mwingine, msafiri huyu, asiyeruhusiwa kuingia Serengeti kwa pikipiki, hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa barabara kuu, kilomita 50 hivi, akipishana na tembo bila kulipa kiingilio.

Swali analoulizwa mwishoni, mizigo ikifungwa upya, ni kama mwenyeji naye anaweza kwenda kwao. Mmarekani hulipa dola 100 za viza ya Tanzania. Oktoba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanaoomba viza ya utalii au biashara wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Kiwango hicho cha juu kinatosha kununua pikipiki za bodaboda zaidi ya kumi.