Watu Wasio na Ukoo: Habari za Karema

Mtu akiuliza hapa Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, wenyeji ni nani, hupewa majibu mengi. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe ndio waliotangulia katika nchi hii. Wengine waliletwa na machimbo ya risasi na reli ya kutoka Kaliua, wengine na mashamba, wengine na vita vya nchi jirani. Jumapili watu hao hukaa benchi moja, nasi tumezoea hata hatuoni ajabu. Lakini jambo hili lina mwanzo wake, na mwanzo huo hatuutafuti mjini, bali magharibi kwetu, Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1885 Mapadre Weupe walipokea boma la Karema kutoka kwa Wabelgiji waliolianzisha mwaka 1879. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Manyema, ikielekea Tabora na pwani. Mapadre walitoa mali, wakawakomboa watoto na vijana, wakawakusanya hapo. Fikiri, ndugu msomaji, mkusanyiko huo ulikuwa wa namna gani. Huyu ametoka ng'ambo ya ziwa, yule amenyakuliwa njiani, wa tatu hajui hata jina la nchi yao, maana alichukuliwa angali mdogo mno. Hawana lugha moja, hawana mizimu ya pamoja, hawana wazee wa kuwasemea. Na kwa babu zetu mtu asiye na ukoo alikuwa karibu na kuwa si mtu: nani atamposea mke? Nani atamlilia akifa?

Hapo ndipo ubatizo ulipokuwa na nguvu tusiyoiwaza leo. Kila abatizwaye alisimamiwa na mzazi wa ubatizo, na jina lake likaandikwa kitabuni. Kwa mtoto wa ukoo mkubwa hayo yalikuwa nyongeza. Kwa aliyekombolewa yalikuwa jamaa yake yote. Wala tusipambe mambo. Watoto wale hawakuulizwa wapenda kukaa wapi. Waliishi chini ya amri za mapadre, na undugu wao ulianza kwa kukosa mahali pengine pa kwenda.

Mfano ulio wazi kupita yote ni mganga Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, Afrika ya Magharibi, akaibiwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre walimkomboa, wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea uganga, na mwaka 1889 akafika Karema. Alikuwa mweusi kama wenyeji, lakini mgeni kuliko wote, maana nchi yake ilikuwa mbali kupita hata zile walizotoka wenzake waliokombolewa. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa huku. Mtoto wao Joseph akawa padre. Atiman akatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka kufa kwake mwaka 1956, yapata miaka 67 mahali pamoja. Twadhani dawa zake zilimfungulia milango kuliko mahubiri, kwa kuwa mwenye jicho bovu hamwulizi mganga ametoka wapi.

Mwaka 2000 Jimbo la Mpanda lilizaliwa kutoka Jimbo la Sumbawanga, ambalo zamani liliitwa Jimbo la Karema. Wakati huo nchi yetu ilikuwa imekwisha kupokea wageni wengine. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, wakapewa makazi Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Mwaka 2010 serikali ilikubali kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na hati zikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka yapata arobaini sheria iliwaita wakimbizi, hata aliyezaliwa papa hapa. Bali kitabu cha ubatizo kiliandika jina lake kama la mtoto mwingine ye yote.

Hata hivyo neno hilo, mkimbizi, halijafa. Twalisikia sokoni, twalisikia katika mashauri ya posa, twalisikia hata nje ya mlango wa kanisa, likitamkwa na watu waliotoka kushiriki meza moja. Na huenda baadhi ya walitamkao ni vitukuu vya wale wa Karema, ambao nchi ya babu yao hata babu mwenyewe hakuijua jina.