Mashine ya Chumba cha Giza Ikae na Negativu Zake

Studio kongwe za picha za mwambao wetu zilikuwa na sura mbili. Mteja aliiona ya mbele: pazia lililochorwa mandhari, kiti, taa na kamera juu ya miguu yake mitatu. Ya nyuma hakuiona. Huko kulikuwa na chumba cha giza, na ndani yake mashine ya kukuzia picha, trei za dawa, tangi la kusafishia mkanda, taa nyekundu na saa ya kuhesabia sekunde. Vyombo hivyo leo vimelala stoo, vingi vikiwa vizima, na wenyewe wakizeeka au wakifariki familia huuliza vipelekwe wapi. Kwa kawaida majibu huwa matatu: kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwenye ukumbi wa hoteli kama pambo, au katika kabati la kioo la makumbusho. Nadhani yote matatu yana kosa moja: yanaitenga mashine na negativu ambazo ilitengenezwa kuzisoma.

Neno kusoma nalitumia kwa makusudi. Negativu ni nusu ya kazi. Fundi aliyesimama mbele ya mashine ya kukuzia ndiye aliyeamua sura iwe nyeusi kiasi gani, kanga ionyeshe maandishi yake au yapotee, uso uliokuwa gizani upunguziwe weusi kwa kuutilia kivuli cha kiganja wakati mwanga ukishuka juu ya karatasi. Ustadi huo ulipita kutoka mkono hadi mkono. Katika karne ya 19 A. C. Gomes, aliyekuwa na asili ya Goa, alianzisha studio Zanzibar. Ranchhod Oza alifanya kazi katika studio hiyo kabla ya kufungua Capital Art Studio yake mwenyewe mwaka 1930. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh alijijengea jina kwa picha za wapendanao, maharusi na vijana waliotaka kuonekana kama nyota wa sinema. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, na picha zake za kuunganisha ndizo ushahidi mzito kuliko wote: mtu aliyeziona hawezi tena kudai kwamba picha humalizika pale kidole kinapobonyeza kamera.

Vyumba hivi havikufungwa kwa siku moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Noritsu ya Japani ilileta mashine ndogo ya kusafisha na kuchapisha picha za rangi ndani ya duka lenyewe, na katika miaka ya 1980 na 1990 maabara za rangi zilienea katika miji yetu. Mteja alitaka rangi, akaitaka haraka. Mpiga picha wa mtaani angeweza sasa kufanya kazi bila chumba cha giza, kwani mkanda wake ulisafishwa na mtu mwingine. Kisha zikaja kamera za kidijitali na simu. Hata Durst ya Italia, ambayo mashine zake za kukuzia zilisifika duniani, iliacha kuzitengeneza na leo inaunda mashine za uchapishaji wa kidijitali. Kilichobaki ni maboksi ya negativu, kwa sababu studio nyingi ziliyatunza ili mteja akirudi apewe nakala nyingine. Hizo ndizo sura za harusi, za madrasa, za vyama, za watu ambao hawakuandikwa katika kitabu chochote.

Negativu hizo hazitatusubiri. Mikanda mingi ya karne iliyopita ilitengenezwa kwa asetati, ambayo ikikaa kwenye joto na unyevu huoza, ikatoa harufu ya siki, ikajikunja na kukauka. Wataalamu wa Image Permanence Institute ya Marekani wanakadiria kwamba mkanda mpya wa aina hiyo, ukikaa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, huanza kuharibika baada ya miaka 40 hivi. Sasa fikiria Zanzibar, Mombasa au Lamu, ambako joto ni kali zaidi na unyevu mara nyingi huzidi hapo.

Watu watasema: basi tuzipitishe kwenye skana, mashine ya kale ya nini? Hoja hii ni ya haki, na kwa negativu zinazooza nakubali kwamba nakala ya kidijitali itangulie. Lakini skana nzuri ya negativu kubwa ni ghali, ilhali nguzo na ubao wa mashine ya kukuzia, kichwa chake kikiondolewa na kamera ya kidijitali kufungwa mahali pake, huwa stendi thabiti ya kunakilia. Weka negativu juu ya meza yenye mwanga sawia, kazi inaanza. Lenzi zake pia, kama El-Nikkor au Rodagon, zilitengenezwa mahususi kuonyesha kitu bapa kikiwa wazi hadi pembeni, jambo ambalo lenzi nyingi za kawaida hazilifanyi vyema. Kwa hiyo chombo kinachodhaniwa kimepitwa na wakati kinaweza kuziokoa negativu leo, na kesho kurudishiwa kichwa chake kikachapishe picha kwenye karatasi. Na picha ya karatasi, iliyooshwa dawa sawasawa, hudumu miongo mingi bila umeme wala nywila.

Pingamizi la pili ni gharama na sumu. Karatasi na dawa huagizwa kutoka nje, na hilo siwezi kulipuuza. Hata hivyo bado zinatengenezwa: kampuni ya Ilford ilifilisika mwaka 2004 lakini mameneja wake wakaiokoa, na Foma ya Jamhuri ya Cheki inaendelea. Kituo kimoja chenye karatasi chache kinatosha kufundishia mji mzima. Kuhusu sumu, dawa ya kugandishia picha ikishatumika hubeba madini ya fedha na haifai kumwagwa ardhini. Hukusanywa, na fedha ile ikatolewa. Dawa za kusafishia nazo zipo zinazotumia vitamini C badala ya haidrokwinoni inayoweza kuwasha ngozi.

Linalonitia hofu zaidi ni kumpoteza fundi. Kampuni ya picha za papo hapo ya Polaroid ilipotangaza mwaka 2008 kuacha kutengeneza mikanda yake, kundi dogo liliokoa mashine za kiwanda cha Enschede, Uholanzi, zisiuzwe kama vyuma. Mashine pekee hazikutosha. Kemikali kadhaa hazikupatikana tena, ikabidi mchanganyiko ubuniwe upya, na walioweza kuifanya kazi hiyo walikuwa wafanyakazi wa zamani waliokubali kubaki. Mwaka 2010 mkanda mpya ukaingia sokoni. Hilo liliwezekana kwa sababu chuma na ujuzi viliokolewa siku ile ile. Makumbusho yanayopokea mashine bila kumwita mzee aliyeitumia yanahifadhi ganda, ingawa sikatai kwamba mashine iliyovunjika kabisa ikae kwenye kabati.

Kwa hiyo nawaomba wenye studio na warithi wao: kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, fungueni maboksi, na msikubali mashine iende huku na negativu kule. Na idara za nyaraka, vyuo vya uandishi wa habari na vya sanaa, ombeni vyote viwili kwa pamoja, tengeni chumba kimoja chenye maji na mlango usiopitisha mwanga, na mlipeni fundi mzee afundishe angali ana nguvu.