Ndimu Kwenye Pindo la Kanga

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Mafia na hakuwahi kulevywa na bahari. Alikuja Dar es Salaam kwa jahazi, mtoto mgongoni, siku ambayo wanaume wazima, kwa maelezo yake, walijitapikia miguuni. Yeye alikaa kwenye tezi anakula mkate wa mofa na kuwacheka. Lakini mwanamke huyo huyo, ukimpandisha gari pale Mbagala Rangi Tatu, hafiki Mtongani roho haijamchafuka.

Kwa miaka mingi nilidhani ni visingizio vya uzee. Siku hizi naamini aliumwa ugonjwa wenye historia yake, na historia hiyo inaipita katikati Temeke yetu.

Tuanze na maneno. Watu wa pwani husema kigegezi. Wengine husema moyo umenichafuka. Sisi wa mjini tunasema tu gari linanichafua. Waingereza huita nausea, neno walilolichukua kwa Wayunani, na ndani yake mna naus, yaani meli. Kwa hiyo tangu zamani kichefuchefu ni mtoto wa bahari. Wala hakichagui cheo. Nelson, amirali mkubwa wa Uingereza, alikuwa anatapika baharini. Charles Darwin, aliyeondoka Plymouth na meli ya Beagle mwezi Desemba 1831, aliteseka safari nzima, na kwa siku za mwanzo chakula alichokiweza ni zabibu kavu.

Sababu yenyewe iko sikioni. Ndani kabisa mna mifereji midogo yenye majimaji inayoupa ubongo habari za mwendo, na jicho nalo linaleta habari zake. Ukiwa ndani ya gari unatazama mgongo wa kiti cha mbele, jicho linasema tumetulia, sikio linasema tunakata kona. Ugomvi huo unaishia tumboni. Mwaka 1882 mwanazuoni Mmarekani, William James, alichunguza viziwi na kukuta kwamba baadhi yao, hata wakizungushwa, hawapati kizunguzungu kabisa. Ndiyo maana pia dereva hachafukwi: anaijua kona kabla haijafika. Bibi kwenye tezi alikuwa kama dereva. Anaona wimbi linakuja, upepo unampiga usoni, mwili umezoea tangu utoto. Ndani ya gari, mzoefu huyo alikuwa mgeni.

Na magari yenyewe, jamani! UDA ilianzishwa mwaka 1974, baada ya kampuni ya zamani ya DMT kutaifishwa na kugawanywa. Mabasi hayakutosha mji uliokuwa unakua kila kukicha, watu wa Mbagala na Tandale wakabaki wanagombea milango. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, nauli shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala. Ndiyo hiyo daladala. Kulikuwa na chai maharage pia. Hizi zilikuwa gari za mizigo zilizofungwa mabenchi nyuma, abiria wamekaa ubavu, wametazamana kama wateja wa mgahawa. Kwa hesabu ya jicho na sikio, sijui nani angebuni kiti kibaya zaidi. Unakwenda kiubavu, huoni barabara, unaona goti la mwenzako na ndoo ya dagaa. Tunaposimulia habari za chai maharage tunacheka, na kweli zinachekesha, ila bibi yangu hakucheka.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka tisa. Ikaja taarifa asubuhi kwamba dada yake bibi amefariki Tandale, na maziko ni baada ya adhuhuri. Mama alikuwa kazini, nikapewa mimi jukumu la kumsindikiza. Bibi alifunga safari kama kawaida yake: hakula kitu, akafunga kwenye pindo la kanga ndimu mbili, kipande cha tangawizi na chumvi kidogo kwenye karatasi. Akaweka na gazeti tumboni, chini ya gauni. (La gazeti sijalielewa mpaka leo.) Kiti cha mbele kilikuwa kimeshakaliwa. Tukakaa ubavu.

Kwa Azizi Ali akagonga bodi kwa ngumi. Tulishuka, akatapika pembeni ya mtaro, gari likaondoka. Tulikaa chini ya mwembe mpaka akapata nguvu, tukapanda jingine, hali ikawa ile ile. Tulipofika Kariakoo akasema, "Mjukuu wangu, basi. Mimi natembea." Tukavuka Jangwani, tukapita Magomeni, jua la utosi, yeye ananusa ndimu na mimi nimeshika viatu vyake. Tulipoingia Tandale wanaume walikuwa wanarudi makaburini. Hakuwahi kumwona dada yake usoni.

Jioni, kwenye mkeka, alisema jambo moja tu: "Ningekwenda kwa ngalawa ningewahi."

Baada ya hapo hakwenda Tandale tena mpaka anakufa. Kutoka Temeke hadi Kinondoni, ndani ya mji mmoja. Wanahistoria wakihesabu umbali kwa kilomita na nauli, mimi huwa namkumbuka huyo.

Je, dawa zake zilikuwa bure? Hapana, nadhani zilizidiwa tu. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, alikuta Mogadishu wanakula wali na maembe, malimau ya kuloweka chumvini na tangawizi mbichi. Hakusema ni dawa ya safari, kilikuwa kitoweo. Lakini yaliyomo kwenye pindo la bibi, tangawizi na chumvi na kitu kichachu, yalikuwa jikoni pwani hii zamani sana.

Mwaka 1982 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha jaribio la wanafunzi 36 waliokuwa wepesi kuchafukwa, wakazungushwa kwenye kiti. Waliomeza tangawizi walivumilia kuliko waliomeza kidonge cha duka la dawa. Mwaka 1988, mwaka wetu ule ule, kule Denmark makuruta 80 wa jeshi la maji walipewa tangawizi ya unga au unga mtupu baharini. Wa tangawizi walitapika kidogo zaidi. Majaribio mengine hayakuona faida, na ni haki kusema hivyo. Kidonge nacho kinalaza usingizi. Ndimu, kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ni kufukuza harufu ya petroli na dagaa, na hiyo si kazi ndogo. Ila hakuna tunda linaloshinda kiti cha ubavu. Ningekuwa na akili ya leo, ningempigania bibi kiti cha mbele, dirisha wazi, macho mbali barabarani.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na rambo jeusi la kutapikia likaondoka nayo. Kwenye basi la Iringa nililopanda baadaye, konda aligawa mifuko ya kaki, ikalowa kabla hatujamaliza kona za Kitonga. Mama wa kiti cha jirani alifungua pindo la kanga, akanimegea tangawizi bila kuniuliza. Ilikuwa kali kweli. Nilifika Iringa na shati safi.