Kamera ndani ya gari la polisi
Kamera ya gari la polisi hufungwa nyuma ya kioo cha mbele, na aghalabu huanza kurekodi askari anapowasha taa za dharura. Picha hubeba tarehe na saa. Mwaka 1991 huko Texas, Marekani, kamera ya aina hiyo ilinasa mauaji ya konstebo Darrell Lunsford. Watu watatu walitiwa hatiani.

Kanda ya dhahabu inajua uzito wa picha. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga. Ilidaiwa wengine walifukiwa mashimoni. Serikali ilikanusha, na mkanda wa video uliotolewa baadaye ulizidisha ubishi.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inapokea ushahidi huo, ila mahakama hupima jinsi ulivyotunzwa. Kumbukumbu, basi, zisikae kwa askari yule yule aliyerekodiwa.